Walioingia kwa Mlango Mdogo: Njia za Kupata Ualimu katika Shinyanga na Ukanda wa Dhahabu wa Geita

Utangulizi

Katika sharika nyingi za Shinyanga, Kahama na Geita wamo wazee wa kanisa ambao hadi leo huitwa "Mwalimu", ingawa wamekwisha kuweka chaki chini. Ukiwauliza walisomea ualimu wapi, baadhi yao hujibu mara moja: Butimba, au Murutunguru, au Tabora. Wengine husita kidogo, kisha husema kwa sauti ya chini, "Mimi ni wa UPE." Tumeshuhudia kusita huko mara nyingi, katika vikao vya baraza la wazee na hata msibani, wasifu wa marehemu unaposomwa. Mtu aliyefundisha nusu ya kijiji kusoma huonekana kama mgeni aliyeingia nyumbani kwa mlango wa uani.

Makala hii yahusu milango hiyo. Twakusudia kueleza kwa njia zipi watu wa sehemu hizi walipata kuwa walimu wa shule, tangu siku za katekista hadi siku hizi za shahada. Hoja yetu ni kwamba katika Shinyanga na Geita shule zilifunguliwa, kizazi baada ya kizazi, na watu ambao kanuni iliyofuata iliwatangaza kuwa hawana sifa. Tena, kila tulipochunguza kama watoto walifunzwa vema au vibaya, tuliona kuwa jambo kubwa lilikuwa kuwapo kwa mtu wa kumsimamia mwalimu mpya akiwa darasani. Mlango alioingilia ulikuwa na uzito mdogo kuliko tulivyozoea kudhani.

Yafaa tutaje mipaka yetu. Geita ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Mwanza hadi mwaka 2012, ulipoanzishwa Mkoa wa Geita. Mkoa huo mpya ulichukua pia Bukombe na Mbogwe, zilizokuwa za Shinyanga. Kwa hiyo historia za pande hizi mbili haziachani. Watu ni wale wale, wengi wao Wasukuma, na kandokando yao Wasumbwa na Wazinza. Kazi nazo zimefanana: pamba, ng'ombe, na yale yanayochimbwa ardhini.

Mwalimu kabla ya cheti

Neno "mwalimu" lilifika Usukumani pamoja na misheni. Mapadre Weupe walianza Bukumbi, kusini mwa Mwanza, mwaka 1883. Wamisionari wa CMS walifika Nassa mwaka 1888, na mwaka 1909 waliikabidhi kazi hiyo kwa Africa Inland Mission, ambayo baadaye ilienea hadi Kolandoto karibu na Shinyanga. Kila mahali utaratibu ulikuwa mmoja. Kijana aliyebatizwa, aliyejua kusoma na mwenye mwenendo mwema, alitumwa kijijini akiwa na kitabu cha kwanza cha kusomea, katekisimu na nyimbo. Asubuhi alifundisha herufi, jioni aliongoza sala, na Jumapili alihubiri. Mafunzo yake yalikuwa ni kukaa na mmisionari kwa muda, kisha kurudi kituoni mara kwa mara kuulizwa amefanya nini.

Watawala wa Kijerumani walikuwa na shule zao chache, zilizolenga kupata makarani na maakida, na wengi wa walimu wao walitoka pwani. Shule hizo hazikugusa vijiji vingi vya huku. Aliyevigusa alikuwa katekista.

Badiliko kubwa lilikuja chini ya Waingereza. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes, iliyoongozwa na Thomas Jesse Jones na kuwa na James Aggrey miongoni mwa wajumbe wake, ilipita Afrika Mashariki. Mwaka 1925 serikali na misheni walikutana Dar es Salaam, na mwaka 1927 ikatoka sheria ya elimu iliyoweka masharti ya ruzuku. Shule iliyotaka fedha ya serikali ilipaswa kuwa na mwalimu mwenye cheti, na kufuata mtaala uliokubaliwa. Shule ya kijijini ya katekista haikufikia masharti hayo. Ilibaki nje ya hesabu, ikiitwa shule ya msituni, ijapokuwa ndiyo iliyokuwa imejaa watoto.

Hapo ndipo ulipoanza mgawanyiko ambao Kanisa halijaumaliza. Mtu mmoja aliyekuwa mwalimu wa shule na mwalimu wa dini aligawanywa kuwa watu wawili. Mmoja alikwenda kusomea cheti, akapata mshahara wa ruzuku. Mwingine alibaki na katekisimu yake na kile alichopewa na Wakristo wa kijiji. Aliyebaki hakuwa amepungukiwa kitu alichokuwa nacho mwaka uliotangulia, ila kipimo kilikuwa kimebadilika.

Sisi Walutheri hatukuwa na chuo cha ualimu Usukumani. Vyuo vyetu vilikuwa mbali, Marangu huko Kilimanjaro na Kinampanda huko Iramba, na ushirika wetu katika sehemu hizi ulikua zaidi kwa wafanyakazi, watumishi wa serikali na wafanyabiashara waliohamia kutoka Kagera, Kilimanjaro na Singida. Miongoni mwa wahamiaji hao walimu hawakukosekana. Mwaka 1962 serikali iliunda utumishi mmoja wa walimu wote, wa misheni na wa serikali, na tangu hapo aliyesomea Kinampanda aliweza kupangwa Kahama bila kuuliza shule hiyo ilianzishwa na nani.

Dhahabu, pamba na darasa la nane

Mgodi wa Geita wa wakati wa ukoloni ulichimbwa tangu miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966. Mwaka 1940 John Williamson aligundua almasi Mwadui, Shinyanga. Na katika miaka ya 1950 pamba iliwapa Wasukuma vyama vya ushirika vyenye nguvu, vilivyoungana mwaka 1955 katika shirikisho la Victoria Federation. Mambo haya yanahusu ualimu moja kwa moja, kwa kuwa kijana aliyemaliza darasa la nane alitakiwa na watu wengi. Chama cha ushirika kilihitaji karani wa mizani. Mgodi ulihitaji mtunza stoo. Kwa nini basi aende chuoni miaka miwili ili arudi kuishi katika nyumba ya udongo?

Wengi walikwenda hata hivyo. Aliyetoka darasa la nane na kusoma miaka miwili alipata cheti cha Daraja C. Aliyefika kidato cha nne kisha akasoma chuo alipata Daraja A, na Daraja B lilikuwa katikati. Juu yao walikuwepo wachache wenye stashahada, na wachache zaidi waliopitia Makerere, alikosomea ualimu Julius Nyerere kati ya mwaka 1943 na 1945 kabla ya kwenda kufundisha Tabora. Ngazi hizo zilionekana wazi katika mshahara, na pia katika heshima. Katika shule ya kijiji mwalimu wa Daraja A alikuwa adimu kama daktari.

Hatuna budi kukiri kwamba ngazi hizo zilikuwa na maana. Mwalimu wa Daraja C alijua vizuri kufundisha madarasa ya chini, lakini Kiingereza chake na hesabu zake vilifika mahali vikakoma, na watoto waliomzidi walilazimika kusubiri. Kusema kwamba vyeti vyote ni sawa kungekuwa kuwadanganya wasomaji wetu.

Mwaka 1969 sheria mpya ya elimu iliziweka shule nyingi na vyuo vya makanisa mikononi mwa serikali. Marangu na Kinampanda vikawa vyuo vya taifa. Makanisa yalilipokea jambo hili kwa hisia zilizochanganyika, nasi hatutalijadili hapa. Kwa mada yetu yatosha kutambua kwamba tangu wakati huo mlango wa ualimu ulikuwa na bawabu mmoja tu.

Azimio la Musoma na walimu wa UPE

Mambo mawili yalitokea kwa pamoja mwaka 1974. La kwanza ni operesheni ya vijiji, iliyowahamisha watu wa Shinyanga na Geita kutoka katika maboma yao yaliyotawanyika na kuwaweka pamoja. La pili ni Azimio la Musoma la Novemba mwaka ule, ambalo liliagiza kwamba kila mtoto wa rika la kwenda shule awe shuleni ifikapo mwaka 1977. Kijiji kipya kilipewa mahali pa shule, na wananchi wakafyatua matofali ya udongo au wakajenga kwa miti. Madarasa yalisimama, lakini walimu hawakuwepo. Hata kama vyuo vyote vya nchi vingejazwa maradufu, visingeweza kuwatoa walimu waliohitajika katika miaka mitatu.

Serikali ikafungua mlango ambao hapo awali haukuwapo. Kuanzia mwaka 1976 vijana waliomaliza darasa la saba, wenye umri wa miaka 17 au zaidi, walichaguliwa na kupelekwa moja kwa moja shuleni kufundisha huku wakijifunza ualimu. Asubuhi walishika madarasa ya chini. Mchana walisoma vijitabu vilivyotumwa kwa njia ya posta, wakajibu mazoezi, wakasikiliza vipindi vya redio. Kila kata ilikuwa na kituo, na hapo walikutana mara kwa mara na mkufunzi, ambaye pia alizunguka shuleni kuwaona wakifundisha. Mwishoni walikaa chuoni majuma sita, wakafanya mtihani wa nadharia na wa vitendo. Mpango mzima ulichukua karibu miaka mitatu. Katika nchi nzima walioandikishwa walikuwa zaidi ya 45,000, na zaidi ya 35,000 kati yao walifuzu.

Kanda ya Ziwa ilikuwa na maandalizi fulani. Kati ya mwaka 1968 na 1972 mradi wa kisomo cha watu wazima uliosaidiwa na UNESCO ulikuwa umeendeshwa kutoka Mwanza katika mikoa ya ziwa, Shinyanga ikiwamo, na kuwatumia walimu wa kujitolea waliopewa mafunzo mafupi. Watu wa huku walikuwa wamekwisha kumwona jirani yao asiye na cheti akisimama mbele ya ubao.

Sisi wenyewe tulifundishwa kusoma na mmoja wa vijana hao, katika kijiji kimoja cha wilaya ya Geita. Alikuwa na umri usiozidi miaka kumi na minane. Alitufundisha asubuhi chini ya paa la nyasi, na mchana tulimwona chini ya mwembe na vijitabu vyake, akiandika kwa kalamu ya risasi kwanza, kisha kwa wino. Siku ya kituo alipanda baiskeli kabla ya jua kuchomoza. Redio hakuwa nayo. Alikwenda kusikilizia kwa mwenye duka, na siku betri zilipokwisha alirudi amekunja uso.

Tunakumbuka kosa lake moja. Alipotufundisha kutoa kwa kukopa, alijua vema namba kama 52 kutoa 38. Lakini ilipofika 302 kutoa 148, ile sifuri ya katikati ilimshinda, naye akatufundisha njia isiyo sahihi kwa siku mbili. Siku ya tatu mkufunzi wa kata alikuja, akaketi nyuma ya darasa juu ya tofali, akatazama. Hakusema neno mbele yetu. Tulipotoka nje kucheza aliketi na mwalimu wetu, wakachora chini kwa kijiti. Kesho yake tuliambiwa, "Jana na juzi nilikosea. Tuanze upya." Hatujasahau maneno hayo. Tena hatukumdharau kwa ajili yake.

Twalisimulia jambo hili kwa sababu lina kiini cha hoja yetu. Kijana yule hakuwa na elimu ya kutosha, na kosa lake lingeweza kudumu vichwani mwetu. Lakini mpango ulikuwa umemweka mtu mwingine, aliyejua zaidi, mwenye wajibu wa kuja na kuketi juu ya tofali. Mwaka 1989 ulichapishwa uchunguzi wa Mählck na Temu uliowalinganisha walimu wa mpango huu na wale waliosomea chuoni, na tofauti kubwa kati yao haikuonekana. Wasomaji wengi wataona ajabu. Sisi hatuoni ajabu, kwani tulimwona mkufunzi. Pale ambapo mkufunzi hakuwa na baiskeli, au kata ilikuwa kubwa mno, au mvua ilikata njia kwa miezi, mambo yalikuwa mengine. Wako wenzetu waliokaa na kosa la sifuri hadi darasa la sita.

Wala njia hiyo haikuwa ngeni duniani. Huko Uingereza, kuanzia mwaka 1846, watoto wa miaka 13 waliandikwa kuwa wanafunzi-walimu kwa miaka mitano. Walifundisha mchana, na mwalimu mkuu aliwafundisha wao saa nyingine, kisha waliofaulu mtihani walipata nafasi ya chuo. Nchi iliyotuletea sharti la cheti mwaka 1927 ilikuwa yenyewe imejenga shule zake kwa watoto wenye chaki mkononi.

Kanisa na swali lile lile

Wasomaji wa jarida hili watakuwa wamekwisha kuona kwamba tunazungumza pia juu yetu wenyewe. Mwaka 1963 seminari moja ya Kipresbiteri huko Guatemala ilianza kuwafundisha viongozi wa sharika bila kuwaondoa vijijini, na njia hiyo, iliyokuja kuitwa elimu ya theolojia kwa enezi, ilifika Afrika Mashariki katika miaka ya 1970, wakati ule ule wa UPE. Sababu zilikuwa zile zile: waumini waliongezeka kuliko wachungaji, na chuo hakikuweza kuwameza wote. Dharau pia ilikuwa ile ile. Mchungaji aliyesoma kwa enezi alijua jinsi wenzake wa chuoni walivyomtazama katika mkutano mkuu. Na hadi leo, katika mitaa mingi ya Shinyanga, anayefundisha kipaimara, anayezika na anayekesha na wagonjwa ni mwinjilisti ambaye mafunzo yake yalikuwa ya miezi, huku mchungaji mwenye shahada akifika mara moja kwa mwezi.

Martin Luther aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani mwaka 1524 akiwasihi waanzishe shule, na mwaka 1530 alihubiri kwamba kama angelazimika kuacha kuhubiri angependa zaidi kuwa mwalimu wa shule. Tunapenda kuyataja haya katika sikukuu ya Matengenezo. Jambo tunalolitaja mara chache ni kwamba Luther alitaka pia walimu walipwe, na alijua kwamba shule haijengwi na nia njema pekee.

Daraja A, mtihani wa maarifa na walimu wa leseni

Mwaka 1995 Sera ya Elimu na Mafunzo iliweka Daraja A kuwa sifa ya chini kwa mwalimu wa shule ya msingi. Kwa watoto lilikuwa jambo jema. Kwa walimu wa UPE lilikuwa hukumu. Watu waliokuwa wamefundisha karibu miaka ishirini, wengine wakiwa walimu wakuu, waliambiwa wajiendeleze. Kwa aliyeishia darasa la saba maana yake ilikuwa kufanya mtihani wa maarifa, ule unaojulikana kwa kifupi kama QT, kisha mtihani wa kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea, kisha mafunzo ya kupanda daraja.

Ni vigumu kueleza uzito wa jambo hili kwa mtu asiyeliona. Mzee wa miaka arobaini na mitano, baba wa watoto saba, aliketi katika chumba cha mtihani karibu na vijana aliowafundisha kusoma. Alilipa ada kutoka katika mshahara ambao mara nyingi ulichelewa. Jioni, baada ya shamba, alisoma baiolojia kwa kibatari. Wengine walifaulu wakaendelea hadi stashahada na shahada katika Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, nao tunawaheshimu sana. Wengine walishindwa mara tatu wakaacha. Tunamfahamu mmoja aliyekwenda kuulizia faili lake katika ofisi moja, akajibiwa na karani mbele ya watu kwamba "darasa la saba wasubiri nje." Karani huyo alikuwa mwanafunzi wake.

Mwaka 2002 ulianza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, uliofuatia kufutwa kwa ada katika shule za msingi. Watoto walimiminika kama mwaka 1977. Ili kuwapata walimu haraka, mafunzo ya Daraja A yaligawanywa: mwaka mmoja chuoni, mwaka wa pili shuleni chini ya uangalizi. Kwa maandishi utaratibu huu ulikuwa mzuri. Lakini uangalizi uliachiwa walimu wakuu waliokuwa na darasa la watoto mia moja na zaidi, na wengi wa walimu hao wakuu walikuwa wale wale wa UPE. Aliyeitwa hana sifa akakabidhiwa kumkomaza aliyeitwa mwenye sifa.

Kisha zikaja sekondari za kata. Katikati ya miaka ya 2000 kila kata ilitakiwa kuwa na sekondari yake, na wahitimu wa kidato cha sita walipewa mafunzo ya majuma machache na leseni ya kufundisha. Watu waliwaita "Voda Fasta", jina lililotokana na huduma ya simu ya kuongeza salio kwa haraka. Jina hilo la dhihaka lilienea upesi kuliko mpango wenyewe. Tukiulinganisha mlango huu na ule wa mwaka 1976, tofauti ni moja. Vijana wa leseni walikuwa na elimu kubwa zaidi kuliko wa UPE, miaka sita zaidi darasani. Lakini hawakuwa na mkufunzi wa kata, wala vijitabu, wala kituo. Walipelekwa katika sekondari mpya ambayo pengine ilikuwa na mwalimu mmoja mwenye shahada, naye ndiye mkuu wa shule, yuko wilayani akitafuta madawati. Hapo hapakuwa na wa kuketi juu ya tofali.

Serikali iliona upungufu huo. Mwaka 2005 Chang'ombe na Mkwawa vilifanywa vyuo vikuu vishiriki vya elimu, mikopo ya wanafunzi ikapanuliwa, na vyuo vya madhehebu vikaingia, kikiwemo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino huko Nyegezi, karibu kabisa na watu wetu. Kanisa letu nalo lilirudi katika mafunzo ya ualimu, mara hii kwa mlango wa juu: Makumira, Stefano Moshi huko Moshi, na Sebastian Kolowa huko Lushoto, kilichoanza mwaka 2007 na kujulikana kwa mafunzo ya walimu wa elimu maalum. Tulioanza na katekista kijijini tukarejea na joho.

Si kila mlango uliofunguliwa ulibaki wazi. Mwaka 2014 wahitimu wa kidato cha nne walianza kupokelewa katika Chuo Kikuu cha Dodoma kwa stashahada maalum ya ualimu wa sayansi na hisabati. Mwezi Mei 2016 zaidi ya 7,000 kati yao waliamriwa kuondoka chuoni kwa muda mfupi sana. Baadaye baadhi yao walihamishiwa vyuo vya ualimu vya kawaida, na wengine walikosa sifa za kuendelea. Hawakuwa wamejipokea wenyewe.

Kandokando ya machimbo

Machimbo ya wadogo yalipanuka tangu miaka ya 1980, na migodi mikubwa ikafunguliwa Geita mwaka 2000 na Bulyanhulu mwaka uliofuata. Mgodi wa Geita ulijenga sekondari ya wasichana ya Nyankumbu, na si haki kulinyamazia hilo. Lakini katika makambi ya wachimbaji wadogo, Nyarugusu, Rwamagasa, Mgusu, mji unaweza kukua mara tatu kwa mwaka mmoja fununu ya dhahabu ikienea, kisha ukapungua. Ikama ya walimu haifuati fununu.

Hapo ndipo alipozaliwa mwalimu wa mwisho katika historia hii, mwalimu wa kujitolea. Ana cheti, au stashahada, au hata shahada. Hakuajiriwa, kwa kuwa wahitimu wamekuwa wengi kuliko nafasi, na mwanzoni mwa mwaka 2025 walimu waliitwa kwa maelfu kufanya usaili wa kuwania nafasi chache. Wazazi humchangia kidogo, na asipopata hata hicho huenda mchana kwenye karasha au kuuza vocha Katoro. Mwaka 1976 kijiji kilimtafuta kijana wa darasa la saba na kumbembeleza. Sasa mwenye shahada anakibembeleza kijiji.

Kijana wa miaka 17 aliyeingia darasani mwaka 1976 alifikisha miaka 60, umri wa kustaafu, mwaka 2019. Kwa hiyo karibu wote wa kundi la kwanza wamekwisha kutoka, na tunawazika mmoja mmoja. Tungewaomba wanafunzi wa vyuo vyetu wanaotafuta mada ya tasnifu, hasa wanaotoka Shinyanga, Kahama na Geita, wawaendee hao mapema, wakiwa na daftari na subira. Waulize walichaguliwa na nani, kituo chao kilikuwa wapi, mkufunzi alikuja mara ngapi na kwa chombo gani, ni nani alilipia mtihani wa maarifa. Waulize pia kuhusu vijitabu vile vya posta, kwani baadhi bado vimo masandukuni, na kuhusu madaftari ya vituo vya kata. Tulipoomba kuona daftari la kituo kimoja tuliambiwa kwamba karatasi zake zilikwisha zamani kwa kufungia karanga. Jalada lilikuwapo bado, na juu yake, kwa mwandiko mzuri wa mkufunzi, majina kumi na manne.